Majina ya Vifaa kwenye Linux na Skripti Inayosema "Tayari"

Kadi ya mtandao iliyo ndani ya kompyuta haijui jina lake. Inachokijua ni namba. Kila kifaa cha PCI kina eneo dogo la usanidi, baiti 256 katika PCI ya awali na baiti 4,096 katika PCI Express, na baiti nne za mwanzo ndizo kitambulisho: mbili za mtengenezaji, mbili za kifaa chenyewe. Namba hizo huandikwa kwa heksadesimali. 8086 ni Intel, na anayekumbuka prosesa ya mwaka 1978 yenye jina hilohilo atatabasamu. 10de ni NVIDIA, 10ec ni Realtek, 1002 ilikuwa ya ATI na sasa inahesabiwa kuwa ya AMD. Namba za watengenezaji hutolewa na PCI-SIG, umoja wa kampuni ulioundwa mwaka 1992. Namba za vifaa kila mtengenezaji hujipangia mwenyewe, na halazimiki kumtangazia mtu yeyote amezipanga vipi.

Kwa upande wa USB mambo ni yaleyale. Modemu za Huawei zilizojaa Afrika Mashariki zama za intaneti ya kuchomeka zilijitambulisha kwa namba 12d1. Nyingi zilikuwa na namba mbili za kifaa: moja, kwa mfano 1446, modemu ikijifanya diski yenye programu za Windows, na nyingine, kwa mfano 1001, baada ya kugeuzwa kuwa modemu kweli. Fundi aliyehangaika nayo kwenye Linux aliijua tofauti hiyo kwa namba kabla ya kuijua kwa jina.

Maneno yanayotokea mtu anapoandika lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya PCI, hayatoki kwenye kifaa, basi. Programu husoma namba, kisha huitafutia jina katika faili la maandishi liitwalo pci.ids. Faili hilo limejengwa kwa kujitolea. Msingi wake uliwekwa na Martin Mareš wa Prague, mwandishi wa pciutils, kifurushi chenye lspci, na watumiaji wa kila pembe ya dunia hutuma namba mpya wanazokutana nazo. Muundo wake ni rahisi kiasi cha kusomeka kwa macho. Mstari wa mtengenezaji huanzia ukingoni, mstari wa kifaa huanza kwa tabo moja, na mstari wa toleo mahususi la kifaa huanza kwa tabo mbili. Mwishoni kabisa huja orodha ya makundi ya vifaa (skrini, sauti, mtandao, diski), na kila kundi huanza kwa herufi C ikifuatwa na nafasi. Mpangilio huo wa makundi kukaa mwishoni utakuwa na maana kubwa baadaye.

Kwa kuwa vifaa vipya hutoka kila wiki, faili huzeeka. Ndiyo sababu pciutils huja na skripti ndogo ya shell iitwayo update-pciids, na kwa miaka mingi usbutils, kifurushi cha upande wa USB, nayo ilikuwa na ndugu yake, update-usbids, ya kusasisha usb.ids. Kazi ya skripti ni ya kawaida kabisa: pakua faili jipya, lifungue kama limebanwa, lihakiki, liweke mahali pa lile la zamani, sema kazi imekwisha. Mistari haifiki mia. Hata hivyo, karibu kila hatua ina mahali ambapo kosa linaweza kupita likiwa limevaa sura ya mafanikio, na skripti za namna hii zinaeleweka vizuri zaidi zikisomwa kwa kufuatilia sura hiyo.

Hatua ya kwanza ni kuuliza kama faili linaandikika. Skripti inajibu swali hilo kwa amri ya touch juu ya pci.ids. Amri ikikataa, skripti huchukulia kwamba mfumo wa faili ni wa kusoma tu, na inaacha kazi. Njia hii ni fupi na inavutia, lakini touch haiulizi swali, inatenda jambo. Faili likiwepo, touch hubadilisha tarehe yake kuwa ya sasa. Faili lisipokuwepo, touch huliumba, tupu, baiti sifuri.

Madhara yake si sawa katika hali hizo mbili. Tarehe ikibadilishwa kisha upakuaji ukashindwa, mwenye mashine anayetazama saraka kwa ls -l ataona pci.ids ya leo, ilhali yaliyomo ni ya miaka mitatu iliyopita. Tarehe ya kuaminika imo ndani ya faili lenyewe, katika mistari ya mwanzo inayotaja toleo na siku lilipoandaliwa, na wachache hufika huko. Hali ya pili hutokea kwenye mashine isiyo na pci.ids kabisa, kwa mfano kontena lililopunguzwa uzito ambalo kifurushi cha majina hakikusakinishwa. Touch inaumba faili tupu, mtandao unakatika, skripti inafuta mabaki ya upakuaji na kutoka kwa heshima zote, na faili tupu linabaki. Kwa lspci yenyewe hasara ni ndogo, kwa sababu kukosa faili na kuwa na faili tupu huleta matokeo yaleyale ya namba bila majina. Ila programu inayotafuta pci.ids katika saraka kadhaa na kuridhika na la kwanza inalolikuta itasimama kwenye lile tupu na kuliacha lililojaa. Na ukaguzi wowote unaouliza tu "faili lipo?" utajibiwa ndiyo.

Zaidi ya hayo, touch haipimi inachodaiwa kupima. Diski iliyojaa pomoni bado inaweza kukubali mabadiliko ya tarehe, kwa kuwa hayahitaji nafasi ya yaliyomo. Mlango unafunguka, upakuaji unaanza, kisha maandishi yanakosa pa kukaa. Kuuliza kama saraka inaandikika kwa kipimo cha test -w kungekuwa uungwana zaidi, ingawa nacho hakihesabu nafasi iliyobaki. Jibu la kweli hupatikana kwa kuandika faili jipya pembeni na kuona kama limekamilika, jambo ambalo skripti inalifanya baadaye hata hivyo. Kwa maneno mengine, ukaguzi wa mwanzo unaweza kuondolewa bila kupoteza chochote ila ujumbe mmoja wa maelezo.

Ujumbe huo nao una kisa chake. Skripti ina chaguo la -q la kunyamaza, lililokusudiwa kwa kazi za cron. Cron humtumia mwenye mashine barua pale tu kazi inapotoa maneno. Chaguo hilo likiwashwa, onyo la kwamba faili haliandikiki linanyamazishwa pamoja na maneno ya kawaida. Skripti inatoka na namba ya kushindwa, lakini haisemi neno, na cron isiyosikia neno haitumi barua. Mashine yenye saraka ya /usr iliyofungwa inaweza kuishi miaka ikijaribu kila wiki na kushindwa kila wiki bila mtu kujua. Kunyamazisha taarifa za maendeleo ni jambo moja, kunyamazisha taarifa za kushindwa ni jingine, na skripti nyingi za zamani hazikutenganisha haya mawili.

Baada ya hapo huja upakuaji. Skripti hutafuta curl, wget au lynx na kutumia ya kwanza inayoipata. Kwa mtazamo wa mbali zote tatu zinafanya kazi moja, lakini kila moja ina dhana yake ya kufanikiwa. Wget ikikutana na ukurasa usiopatikana hutoka na namba ya kosa, na ikielekezwa kwenye anwani mpya huifuata. Curl isipopewa chaguo la -f huuhifadhi ukurasa wa kosa kama faili halali na kutoka na sifuri, namba inayomaanisha mambo yamekwenda sawa. Isipopewa -L, haifuati maelekezo ya anwani mpya, bali huhifadhi kile kijikaratasi cha HTML kinachosema kitu kimehama. Lynx ni kivinjari, na kwa kivinjari ukurasa wa kosa ni ukurasa kama kurasa nyingine.

Kwa hiyo seva ikihama, au ikianza kudai https mahali palipokuwa na http, skripti ileile inaweza kufanya kazi kwenye mashine moja na kushindwa kwenye jirani yake, kisa ni programu gani ya kupakua imesakinishwa. Malalamiko ya aina hii humchosha mtunzaji, maana kila anayejaribu kuyathibitisha anapata jibu lake.

Mtandao wenyewe nao hudanganya. Wi-Fi ya hoteli ambayo haijalipiwa, au laini ya simu iliyoishiwa bando, mara nyingi haikatai ombi la http. Hulijibu kwa ukurasa wake wa kuomba malipo, na jibu hilo huja na hadhi ya mafanikio. Hapo hata wget huridhika. Zamani anwani iliyoandikwa katika skripti ilikuwa ya http, na mtu yeyote aliye katikati ya njia angeweza kuleta faili lake mwenyewe kwa mashine inayotenda kazi kwa mamlaka ya root. Kuhamia https kumefunga mlango huo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa ukurasa wa bando hauna cheti cha seva inayotoa pci.ids.

Kinachookoa hali mara nyingi ni kitu ambacho hakikuwekwa kwa ajili hiyo: ubanaji. Skripti hupendelea faili lililobanwa kwa bzip2, na likikosekana la gzip, ili kupunguza mzigo. Faili kamili linazidi megabaiti moja, na likibanwa linabaki takribani robo. Lakini mafaili ya bzip2 na gzip hubeba alama zao mwanzoni na hesabu ya uhakiki ya yaliyomo. Ukurasa wa HTML ukipewa bzip2, unakataliwa papo hapo. Faili lililokatika katikati linakataliwa pia. Uhakiki wa uzima umepatikana bure, kama mgeni aliyekuja kula akaishia kulinda nyumba.

Mashine isiyo na bzip2 wala gzip hupakua faili wazi, na kwake ulinzi pekee ni ukaguzi wa mwisho: tafuta mstari wowote unaoanza kwa C na nafasi. Hoja yake ni nzuri. Makundi yako mwishoni mwa pci.ids, kwa hiyo kama hata moja limefika, sehemu kubwa ya faili imefika. Ukurasa wa HTML hauna mstari wa namna hiyo, isipokuwa kwa bahati mbaya sana. Udhaifu ni kwamba faili lililokatika baada ya kundi la kwanza litapita, na makundi yaliyobaki yatapotea.

Katika PCI hasara hiyo ni ya mistari michache. Katika USB kipimo hichohicho ni dhaifu zaidi, kwa sababu usb.ids haiishii kwenye makundi. Baada ya herufi C hufuata aina za vituo vya sauti, aina za vielezi vya HID (vifaa vya kuandikia na kuelekezea), majedwali ya matumizi ya HID, orodha ya lugha, namba za nchi za kibodi, na vituo vya video. Kukatika popote katika sehemu hiyo ndefu hakugunduliki kwa kutafuta C. Kipimo kilinakiliwa kutoka kwa ndugu mmoja kwenda kwa mwingine, na sababu iliyokifanya kuwa sahihi haikunakiliwa pamoja nacho. Kasoro za aina hii hazionekani kwa kusoma skripti peke yake, ni lazima kusoma pia faili inalolilinda.

Kosa la upande wa pili, la kukataa faili zima, linawezekana vilevile. Baadhi ya distro huhifadhi pci.ids ikiwa imebanwa kwa gzip, na maktaba ya libpci inaweza kuisoma hivyohivyo. Katika hali hiyo skripti haipaswi kulifungua faili, na ukaguzi wa C lazima ufanywe kwa zgrep. Grep ya kawaida ikiachwa hapo itatafuta herufi ndani ya vumbi la biti, haitapata, na kila faili lililo salama litatupwa kwa madai kwamba limekatika. Skripti ya pciutils ina kigeu maalumu cha kuchagua kati ya grep na zgrep kwa sababu hiyo. Anayetengeneza nakala yake kwa distro yake na kukiondoa kigeu hicho kwa kudhani ni pambo atajua umuhimu wake baada ya muda mfupi.

Kubadilisha faili la zamani kwa jipya kumefanywa kwa uangalifu zaidi. Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kuhamisha la zamani lipate jina la .old, kisha kuhamisha jipya liingie. Kati ya hatua hizo mbili kuna kitambo ambacho pci.ids haipo, na programu inayoitafuta wakati huo itaikosa. Skripti badala yake hutumia ln kulipa faili la zamani jina la pili, halafu mv hulifunika jina la kwanza kwa tendo moja lisilogawanyika. Hakuna wakati wowote ambapo jina linaning'inia bila faili. Sharti lake ni mafaili yote yawe kwenye mfumo mmoja wa faili, na ndiyo maana faili jipya hujengwa katika saraka ileile, si /tmp. Mfumo wa faili usiokubali faili moja kuwa na majina mawili, kama FAT, utaikataa ln, na kwa kuwa skripti imeamriwa kusimama kosa lolote likitokea, itafia hapo.

Ruhusa za faili ni mtego mwingine. Faili jipya halirithi ruhusa za la zamani, huzaliwa na ruhusa zinazotokana na umask ya anayeendesha. Root mwenye umask ya 077 ataunda pci.ids inayosomeka na root tu. Akiijaribu lspci mwenyewe, majina yote yapo. Mtumiaji wa kawaida akiijaribu, anaona namba. Skripti hurekebisha hili kwa kunakili ruhusa kupitia chmod --reference, chaguo ambalo si kila chmod inalo, na kosa lake likitokea linapuuzwa kwa makusudi.

Lipo pia suala la which, amri inayotumiwa kujua kama curl au bzip2 imesakinishwa. Which haimo katika kiwango cha POSIX. Kwenye mfumo uliopunguzwa hadi ukakosa amri hiyo, kila programu inaonekana haipo, na skripti inalalamika kwamba haioni curl wala wget zilizo mbele ya macho yake. Amri ya ndani ya shell, command -v, hufanya kazi hiyo bila kutegemea kitu cha nje.

Kasoro zote hizo zinaweza kuzibwa kwa mistari michache. Kubwa kuliko zote haimo ndani ya skripti, nayo ni swali la nani mwenye faili. Kwenye Debian na jamaa zake pci.ids hukaa /usr/share/misc. Kwenye Fedora na Red Hat hukaa /usr/share/hwdata. Kwa vyovyote vile ni mali ya kifurushi kilichosakinishwa na dpkg au rpm. Skripti inapolibadilisha, inaingia shamba la mwingine. Amri ya rpm -V itaripoti kwamba faili limeguswa, jambo ambalo mkaguzi wa usalama anaweza kulihesabu kuwa dalili ya uvamizi. Kisha kifurushi kikipata toleo jipya, msimamizi wa vifurushi ataandika nakala yake juu ya ile iliyopakuliwa, hata kama ya kwake ni ya zamani zaidi. Majina yaliyoonekana jana yanatoweka leo, na hakuna aliyefanya kosa. Kwenye mifumo kama Fedora Silverblue na NixOS, ambako sehemu hizo ni za kusoma tu kwa msingi wa muundo wenyewe, skripti haina kazi kabisa.

Suluhisho lililozoeleka ni kutenga data na programu. Debian imeweka pci.ids na usb.ids katika vifurushi vya peke yake, ili majina yaweze kufanywa mapya bila kugusa lspci. Red Hat na Fedora zina hwdata kwa kazi hiyo. Hapo anayetaka majina mapya husubiri kifurushi, na kwa seva za kazini kusubiri huko ni bora kuliko upakuaji wa kila wiki usiosainiwa na mtu.

Upande wa USB ulichukua njia nyingine na kuzaa kasoro ya ajabu kuliko zote. Mwaka 2012 systemd ilileta hwdb, hifadhidata ya vifaa inayotengenezwa kutokana na pci.ids, usb.ids na vyanzo vingine, kisha kukusanywa kuwa faili la jozi liitwalo hwdb.bin. Baadaye lsusb, ndugu wa lspci kwa upande wa USB, iliacha kusoma usb.ids na kuanza kuuliza hwdb. Matokeo yake ni kwamba skripti ya kusasisha usb.ids inaweza kupakua vizuri, kuhakiki vizuri, kubadilisha faili vizuri, kusema tayari, na lsusb isibadilike hata herufi moja. Faili lililosasishwa lilikuwa zima, ila halina msomaji. Anayehitaji kuongeza jina kwa njia hii huandika faili dogo ndani ya /etc/udev/hwdb.d na kuendesha systemd-hwdb update. Asipoendesha amri hiyo ya pili, anarudi palepale.

Uzito wa haya yote upimwe kwa haki. Kerneli haisomi pci.ids inapochagua kiendeshi, hulinganisha namba na orodha zilizomo ndani ya viendeshi vyenyewe. Zama za kerneli 2.4 nakala ya faili la majina iliwekwa ndani ya kerneli, lakini katika mfululizo wa 2.6 iliondolewa kwa kuwa ilikula kumbukumbu kwa kazi inayoweza kufanywa nje. Kadi yenye jina lisilojulikana itafanya kazi kama kiendeshi kipo, na kadi yenye jina zuri haitafanya kazi kama hakipo. Wanaoumia ni wanaotegemea maneno: programu za kuorodhesha mali za ofisi, ripoti zinazolinganishwa kwa jina la kifaa, skripti zinazochuja matokeo ya lspci kwa neno badala ya namba. Kundi hili la mwisho huvunjika hata sasisho likifanikiwa, kwa sababu majina hurekebishwa. Kampuni hununuliwa, makosa ya tahajia husahihishwa, mabano huongezwa. Namba hubaki.

Anayetaka kujua kosa liko wapi ana njia fupi. Amri ya lspci -nn huonyesha jina na namba kwa pamoja. Namba ikiwepo bila jina, kifaa ni kizima na tatizo ni la orodha. Mistari ya mwanzo ya pci.ids itaonyesha toleo lililopo kweli, tofauti na tarehe ya saraka. Amri ileile ikiendeshwa na root na kisha na mtumiaji wa kawaida itafichua tatizo la ruhusa. Na lspci -i ikipewa njia ya faili lililopakuliwa kwa mkono itasoma hilo badala ya lile la mfumo. Majina yakitokea hapo na yasitokee bila -i, faili jipya ni zuri na kilichoshindwa ni kulifikisha mahali pake.